Trei Nne za Matofaa

Baba yangu alipika katika shule moja ya bweni nje ya Kitale kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akishika mwiko nyumbani kwetu. Akirudi jioni alivua viatu, akaketi, akangoja chakula cha mama kama mwanamume mwingine yeyote wa Kibukusu. Sisi watoto wake wa kiume hatukuruhusiwa kukaa karibu na mafiga. "Jikoni mnatafuta nini?" alikuwa akituuliza, yeye aliyeshinda jikoni tangu alfajiri.

Kitu kimoja tu ndicho kilichovuka kutoka jiko lile la shule hadi kwetu. Siku ya kufunga muhula aliwaandalia walimu krispi. Ndilo jina alilolitumia. Yalikuwa matofaa yaliyokatwa vipande, yakapangwa kwenye trei, yakafunikwa kwa chenga za unga, oti, siagi na sukari guru, kisha yakaokwa mpaka juu pakawa pakavu na chini pakawa kama mchuzi mzito. Shule ilikuwa imerithi shamba la zamani lenye miti ya matofaa nyuma ya mabweni, na baba aliona ni dhambi matunda yale yaozee kwenye nyasi. Alituletea kona ya trei, ile iliyoungua kidogo, imefungwa kwenye karatasi ya mkate. Mimi na kaka yangu tuliigawana tukiwa tumesimama.

Baba alistaafu akarudi nyumbani, upande wa Bungoma, kwenye shamba letu karibu na barabara ya Chwele. Mama alifariki miaka michache baadaye. Mwaka jana baba akapata kiharusi kilichomlegeza mkono na mguu wa kulia, na maneno yake yakawa mazito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni, l na r zikibadilishana. Kaka yangu yuko Lodwar na kampuni ya barabara, kwa hiyo anayekaa na mzee ni mke wa kaka, shemeji yangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu Kitale. Nilikuwa nikipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, na nilijihesabia kuwa mtoto mzuri.

Jumapili moja shemeji alisema mzee hali chakula vizuri. Anasukuma sahani. Nikamwomba amwekee simu sikioni.

"Baba, mbona hutaki kula?"

Akapumua kwa muda. "Chakura ya hapa haina radha."

"Unataka nini?"

Nikasikia kiti chake kikilia. Kisha akasema, "Krispi."

Nilicheka. Halafu nikamuuliza inapikwaje, maana niliona hapo hapo kwamba nitampikia mimi, nimpelekee, nimwone akila. Nikachukua kalamu kabisa. Unga kiasi gani? Moto kiasi gani? Inakaa ndani kwa muda gani?

"Unaangaria tu," akasema baba.

"Naangalia nini?"

"Unaangaria."

Ndiyo mapishi yote niliyopewa.

Shemeji sikumwambia kitu. Nilitaka iwe ya ghafla.

Jumamosi iliyofuata nilinunua matofaa sokoni Kitale. Hakuna anayeyaita matofaa pale. Ni apple tu, na yale yaliyokuwepo yalikuwa mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kila moja na kikaratasi kidogo kimebandikwa shavuni. Nikayamenya, nikayakata, nikayafunika kwa chenga. Nikaweka sukari guru kwa ukarimu, kwa kuwa niliikumbuka vizuri. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akinitazama ninavyopekua kabati lake.

"Unatafuta nini?"

"Mdalasini."

"Ile ni binzari umeshika."

Baada ya nusu saa nikafungua oveni. Matofaa yalikuwa yameyeyuka yote, yametoa maji, na chenga zangu zilikuwa zimezama. Mke wangu akachota kwa kijiko, akainua, ikatiririka ikarudi kwenye trei.

"Huu ni uji," akasema. Hakuwa anacheka. Alikuwa tu ananiarifu.

Trei ya pili ilikatizwa na stima. Mvua ilianza saa kumi, kama kawaida ya Kitale, na oveni yetu ni ya umeme ingawa meko ya juu ni ya gesi. Nilikuwa nimeona juu pameanza kubadilika rangi pale taa ilipozimika. Nikaketi kwenye kiti mbele ya ule mlango wa kioo, ndani giza, nikingoja. Stima iliporudi baada ya saa mbili, siagi ilikuwa imeganda nyeupe juu ya matunda yaliyochoka. Nikawasha oveni tena kwa ukaidi. Tuliila na mke wangu bila kuangaliana.

Trei ya tatu iliungua pembeni ikabaki mbichi katikati. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Niliitupa kwenye sinki kwa kishindo, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kuhusu oveni, kuhusu kampuni ya stima, kuhusu baba ambaye amepika maisha yake yote lakini hawezi kumwambia mwanawe kipimo cha unga.

Mke wangu akaizima oveni. "Si uende tu umwone," akasema. "Hujaenda tangu Pasaka."

"Siwezi kwenda mikono mitupu."

"Nani amekuambia anataka kitu mkononi?"

"Yeye mwenyewe. Ameitaja."

Akaanza kukwangua trei kwa kisu, na mimi nikatoka nje kwa hasira, nikasimama kwenye mvua ndogo. Ilikuwa karibu Septemba. Nilijiambia kazi ya shule ilikuwa nyingi, na ni kweli ilikuwa nyingi, ingawa kutoka kwetu hadi kwa baba ni safari ya asubuhi moja.

Mama mmoja sokoni, ambaye kwa kawaida huniuzia vitunguu, ndiye aliyenisaidia. Nilimlalamikia kuhusu matunda yanayogeuka maji, akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linatoka wapi.

"Mwalimu, hiyo ni ya kukula hivyo hivyo. Ya kupika ni ile ngumu. Kuna mama analeta kutoka huko juu, upande wa Pokot. Kuja Ijumaa."

Ijumaa nikaenda. Yalikuwa madogo, ya kijani, yenye madoa na makovu ya wadudu, na nilipouma moja ulimi ulijikunja. Nilijua ladha ile kabla sijakumbuka ilikotoka. Yale ya nyuma ya mabweni yalikuwa hivyo, tuliyakataa tukiwa watoto.

Trei ya nne ikakubali. Sisemi ilikuwa kama ya baba. Upande mmoja ulikuwa umepanda na mwingine umedidimia. Lakini vipande vilisimama, juu palivunjika kwa mlio, na nyumba nzima ilinukia. Nikaifunika kwa karatasi ya fedha, nikaifunga kwa leso ya mke wangu, na Jumamosi asubuhi nikaondoka. Nilipita Kiminini nikiwa nimeishika kama mtoto mchanga. Kila tuta barabarani nililichukia.

Shemeji alinipokea vizuri. Ni mwanamke mrefu, mkimya, anayetembea upesi hata asipokuwa na haraka. Alinikaribisha sebuleni, akaleta chai. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu dirishani, blanketi mapajani. Nilimsalimu, nikainama, akaushika mkono wangu kwa wake wa kushoto. Ndevu zilikuwa zimemjaa shingoni, nyeupe. Na kulikuwa na harufu ambayo niliisikia nikajifanya sijaisikia.

Nikafungua leso. Nikafungua karatasi. Baba akainua pua.

"Krispi," akasema, wazi kabisa, neno lake safi kuliko yote niliyoyasikia kwa mwaka mzima.

Nilikuwa tayari nimeshachota kwenye sahani shemeji aliposema, "Shemeji, hiyo iko na sukari?"

"Iko na sukari guru. Ndivyo alivyokuwa akipika."

"Mzee hawezi kula hiyo."

"Kwa nini?"

"Ana sukari. Kliniki walipima, ikapatikana juu sana. Anameza dawa."

Nilibaki na kijiko hewani. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Na hakuna mtu angeniambia? Mimi ni mtoto wake."

Nilisema kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa mke wa kaka yake. Yeye hakuinua yake. "Nilikutumia mesej," akasema.

"Hukunitumia."

"Nilikutumia. Ukajibu."

Nikatoa simu, nikaanza kupandisha ujumbe kwa kidole, nikiwa na uhakika wa mtu ambaye yuko karibu kumshinda mwenzake. Nikaupata. Aliandika kwamba mzee amepatikana na kisukari, ameanzishiwa dawa, asipewe soda wala chai ya sukari, na tarehe ya kurudi kliniki. Chini yake nilikuwa nimeandika, *Sawa shemeji. Asante kwa kazi nzuri.* Sikukumbuka hata kuuandika. Pengine nilikuwa darasani. Pengine niliona mistari miwili ya kwanza tu nikadhani ni habari za kawaida.

Nikairudisha sahani mezani.

Baba ndiye aliyesema. "Rete."

"Baba, haiwezekani. Ina sukari."

"Rete hapa."

"Daktari amekataza."

Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea sahani, haukufika. Nikaisogeza mbali, na hapo akanitazama kwa macho niliyoyakumbuka vizuri, yale ya kuuliza jikoni tunatafuta nini. Akachukua kijiko kilichokuwa kwenye kikombe chake cha chai akakitupa. Kilipita karibu na sikio langu kikagonga ukuta. Kisha akageuza uso dirishani.

Watoto wa shemeji walipewa ile trei nje. Niliwasikia wakigombania kona. Mkubwa, binti wa darasa la saba, alirudi kuuliza kama kuna nyingine. Wiki nne nilikuwa nimehangaika na chakula kile, na sasa kilikuwa kizuri, na kila aliyekionja alikisifu isipokuwa yule niliyemtengenezea. Nilitoka nikasimama karibu na tangi la maji, nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Kwa shemeji haingeenda. Kwa baba haingeenda.

Shemeji alinikuta pale. Alikuwa na karai tupu mkononi.

"Shemeji, kuna kitu nataka nikuambie, na usinielewe vibaya," akasema. "Mzee hajaoga tangu Jumatano."

Niliangalia chini.

"Jirani ndiye huwa anakuja kumwosha. Sasa ameenda Chwele na mambo ya ng'ombe, hajarudi. Mimi unajua siwezi." 

Nilijua. Kwetu mke wa mtoto hamshiki baba mkwe hata mkono wa salamu. Hakai naye kiti kimoja. Akimpikia, mara nyingi sahani hupelekwa na mtoto. Na nilikuwa nimeishi miezi ile yote nikisema shemeji anamtunza mzee, bila kujiuliza hata mara moja anamtunzaje mwanamume ambaye hapaswi kumgusa.

"Kuna usiku alianguka karibu na kitanda," akaendelea, "nilisimama mlangoni nikalia. Kisha nikaingia nikamwinua. Ningefanya nini? Asubuhi hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Tulikaa hivyo wiki mbili."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kidogo tu, bila ubaya, na sikurudia swali.

Nikaomba maji ya moto. Nilimwosha baba chumbani mwake, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, karai miguuni. Sikuwahi kumwona bila shati. Mgongo wake ulikuwa mdogo, na kwenye mkono wa kulia, ule uliolegea, kulikuwa na alama za zamani za mafuta na moto, nyingi, kutoka kwenye kiwiko hadi vidole. Nilikuwa sijui kazi hiyo ya kumwosha mtu. Nilimmwagia maji machoni. Sabuni ikaniponyoka mara tatu. Shati safi lilikataa kupita kwenye mkono usiojisaidia, na nilivyozidi kuvuta ndivyo lilivyozidi kujisokota.

"Anza na huu," akasema, akiuonyesha ule mbaya kwa kidevu. "Huu mbaya kwanza."

Nikaanza na ule mbaya. Likaingia.

Nilipokuwa nikimnyoa akaanza kuongea. "Sukali uliweka ngapi?"

"Vikombe viwili."

Akafunga macho kama mtu aliyechomwa. "Viwiri."

"Ulikuwa unaweka ngapi wewe?"

"Walimu walipenda tamu. Mimi nikipika yangu ya kuonja, siweki. Tunda riko na yake."

Nilisimamisha wembe. "Sasa kwa nini hukuniambia hivyo kwenye simu?"

"Hukuuriza sukali. Uriuriza unga."

Ilikuwa kweli, na ilinikera zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

Sikurudi Kitale siku hiyo. Nilipiga simu kwa mke wangu, akasema sawa, na sauti yake haikuonyesha mshangao. Kwenye mfuko nilikuwa nimebaki na matofaa sita ya kijani niliyokuwa nimeyabeba kwa watoto. Jumapili asubuhi, baada ya baba kunywa dawa na uji, nikamsukuma kwa kiti chake hadi mlango wa jiko la shemeji. Ni jiko la nje, la udongo, lisilo na oveni. Shemeji alitaka kuondoka kwa heshima, baba akasema akae, awashe makaa. Akakaa upande wa pili wa mlango, mbali kidogo, uso wake ukiangalia nje.

Baba alinifundisha kuoka kwenye sufuria. Makaa chini machache, makaa juu ya kifuniko mengi. Oti hazikuwepo, tukatumia unga wa ngano na njugu zilizotwangwa, siagi kidogo. Sukari hakuna. Alinikosoa tangu kisu hadi mwisho. Mbona nimemenya, ganda lina kazi yake. Nimekata vikubwa. Sasa nimekata vidogo. Nasugua unga na siagi kama nafua nguo. Nilipotaka kufunua kifuniko alisema wacha, nilipoacha alisema mbona unangoja. Maneno mengine hayakutoka, na alipoona sielewi alipiga kiti kwa kiganja. Mimi nami nilimjibu vibaya mara moja. Nikamwambia kama anajua sana apike mwenyewe.

Baba akautazama mkono wake wa kulia.

"Ningepika," akasema baba.

Shemeji aliinamisha kichwa akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Baadaye kidogo niliomba msamaha, na baba akapunga ule mkono wa kushoto, kama mtu anayefukuza nzi.

Tulipofunua, upande mmoja ulikuwa mweusi. Nilimpa kijiko akajilisha mwenyewe, polepole, nusu ikidondoka kwenye blanketi. Alitafuna muda mrefu. Nilingoja nikiwa nimechuchumaa mbele yake, jasho likinitoka, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu.

"Haijaiva," akasema.

Kisha akala kijiko cha pili, na cha tatu, na cha nne. Shemeji alisema hajamwona akila vijiko vinne mfululizo tangu mvua zianze.

Sasa naenda kila Jumamosi. Naosha, nanyoa, nakata kucha, na tarehe za kliniki nimeziandika kwenye kalenda ya ofisini pamoja na za mitihani. Daktari alisema kipande kidogo kisicho na sukari hakina neno, kwa hiyo tunapika, na kila mara tunagombana. Hajawahi kuisifu hata moja. Wiki iliyopita ilikuwa nyembamba mno, wiki iliyotangulia nilizidisha njugu. Mara nyingi narudi Kitale nikiwa nimekasirika, nikimlalamikia mke wangu hadi anaomba nibadilishe hadithi.

Jumamosi iliyopita nilipofika, shemeji alikuwa amevaa viatu vya kutoka na mkoba uko begani. Alikuwa akienda kwao kumwona mama yake, alale siku mbili. Mara ya mwisho kulala kwao ilikuwa kabla baba hajaugua. Alinionyesha dawa ziko wapi, maji yako wapi, na suruali ipi isipewe mzee kwa sababu zipu imeharibika. Nilidhani atasubiri nimwoshe kwanza, ahakikishe. Aliangalia saa, akaita bodaboda iliyokuwa ikipita, akaenda.